Mbeba Chumvi Aliyewabeba Wafalme Wawili

Ukitaka kupigwa mtaani kwetu, pale karibu na gati la chumvi, huna haja ya kumtukania mtu mama yake. Sema tu kwamba wabeba chumvi ni punda wa miguu miwili. Hutamaliza sentensi.

Na wa kwanza kukukamata kola, enzi zake, angekuwa Mzee Odart Grosseil. Alikuwa mfupi, kichwa kipara, miguu kama ya meza ya kinyozi, na bega lake la kulia lilikuwa limeota nundu ngumu kama mkate wa juzi. Watoto wa mtaa walikuwa wakimwomba waliguse. Anakubali, ila kwanza anawatuma wakanawe mikono.

"Hili bega msilione hivi," anawaambia. "Hili limelaliwa na mfalme."

Mkewe, Mama Perrette, muuza samaki wa chumvi, mdomo wake mkali kuliko bidhaa yake, alikuwa anajibu kutoka ndani: "Na mimi nimelilalia maisha yangu yote, mbona hakuna aliyekuja kuniita malkia?"

Mimi nilifanya kazi nyuma ya bega hilo muda mrefu, nikalijua kuliko ninavyojua uso wa kaka yangu. Kwa hiyo nikikusimulia habari zake, usidhani nimezisikia sokoni.

Sisi wabeba chumvi wa Paris tuko ishirini na wanne, hatuongezeki. Mmoja akifa ndipo mwingine anaingia. Kazi yetu ni kutoa chumvi kwenye mashua zinazokuja na mto Seine na kuipeleka ghalani. Mwanamfalme yeyote anaweza kuiona kazi hiyo ni ya kijinga. Lakini siku baba yake akifa, sisi ndio tunaombeba mpaka Saint-Denis, kanisani wanakozikwa wafalme wote. Hawambebi makabaila, hawambebi maaskofu. Tunambeba sisi. Wazee wanasema zamani mfalme akifia mbali alikuwa anatiwa chumvi asiharibike njiani, na nani anaijua chumvi kama sisi? Wengine wanasema ni kwa ajili ya mabega tu. Mimi nakubali zote mbili, hazigombani.

Tena tuna sheria moja, ya mdomo tu, lakini hakuna asiyeijua. Mtu akiweka bega chini ya mzigo na kuita "Bega", kila mwenzake anayesikia anakwenda. Hata kama una tonge mdomoni. Hata kama jana mlivunjana meno. Kumwacha mwenzio peke yake chini ya mzigo ni aibu isiyo na dawa. Unanyang'anywa nafasi, na jina lako wanapewa mbwa. Na yule aliyeita ndiye kiongozi mpaka mzigo utue, awe mkubwa wetu au awe aliyeanza kazi jana asubuhi.

Basi Mzee Odart alikuwa kijana bado, ndio kwanza ameingia kwenye wale ishirini na wanne, alipokufa Mfalme Charles. Nasema yule Charles wa zamani, aliyepatwa na wazimu. Watu walimpenda hivyo hivyo. Kuna wakati maskini alijidhania ni kioo, akawa hataki kuguswa asije akavunjika.

"Siku ile," Odart alikuwa anatusimulia, tukiwa tumekaa juu ya magunia tunasubiri mashua, "kiongozi wetu alituambia, 'Taratibu jamani. Kioo.' Wawili watatu wakacheka kidogo. Halafu hakuna aliyecheka tena. Tulimbeba kama kioo kweli. Madirishani wanawake wanalia, wanaume wanalia, na mimi pua inachuruzika, mikono yote iko kwenye mti wa jeneza, sina hata ya kujifutia."

"Ndiyo maana mpaka leo hujifuti," namwambia.

"Wewe subiri ubebe mfalme, halafu uje tuongee habari za kamasi."

Lakini mwisho wa hadithi hiyo alikuwa anausimulia kwa sauti nyingine. Yule mfalme, katika ugonjwa wake, alikuwa ameshikishwa muhuri mkononi akaigawa nchi. Ikaandikwa kwamba akifa, ufalme uende kwa Waingereza, kwa mkwewe, na mwanawe wa kumzaa afungiwe nje kama mbwa aliyekula nyama ya Pasaka. Mkwe mwenyewe akatangulia kufa, kikabaki kitoto chake kinanyonya. Kwa hiyo siku ya maziko, nyuma ya jeneza la mfalme wa Ufaransa hakukuwa na mtoto wake, hakukuwa na mpwa wake. Alikuwepo mkubwa mmoja wa Kiingereza na wapambe wake. Mwana yuko mbali, ng'ambo ya mto Loire, anaitwa mfalme na wapishi wake tu.

Sasa njiani kwenda Saint-Denis upo msalaba wa mawe, umeinama kama mlevi anayetafuta ufunguo. Pale ndipo mpaka. Wabeba chumvi tunafika pale, tunatua, na watawa wa Saint-Denis wanapokea mpaka kanisani. Odart na wenzake wakatua. Watawa wakapokea. Watu wakasukumana, wabeba chumvi wakabaki nje kule nyuma kabisa, na kutoka huko nje Odart akasikia mpiga mbiu anatangaza juu ya kaburi la mfalme wake jina la mfalme mpya: lile la kitoto cha Kiingereza.

"Mgeni unamsindikiza mpaka mlangoni," alikuwa anasema. "Mimi mfalme wangu nilimwacha barabarani, kwenye mikono ya watu wasiomjua. Nikarudi nyumbani nikala mbaazi."

Akifika hapo Mama Perrette alikuwa hamtanii. Anamjazia bakuli tu.

Waingereza walikaa Paris miaka kumi na kitu. Tuliwabebea chumvi yao, kwani chumvi haiulizi unatoka wapi. Njaa ikaingia, mbwa mwitu wakaingia, wa kweli, wenye mkia, wakala watu ndani ya kuta za mji. Kisha yule mwana aliyefungiwa nje akarudi, Charles mwana wa Charles, akautwaa mji, akawasukuma Waingereza mji kwa mji mpaka wakabaki na kibandari kimoja tu kule pwani. Akatuachia vitu viwili: askari wanaolipwa wakati wote, wawe na vita wasiwe na vita, na kodi ya kuwalipa, tunayolipa wakati wote, tuwe nacho tusiwe nacho. Kabla yake mfalme alikuwa anaomba kwanza. Yeye aliona kuomba kunachosha.

Kwenye kilabu cha divai watu walikuwa wanamlaumu, na lawama zinatuangukia sisi, kwa sababu chumvi nayo ina kodi yake na tunaonekana nayo mgongoni.

"Huyo mfalme wenu ananinyonya kuliko kupe," mfinyanzi mmoja alimwambia Odart.

"Anakunyonya," Odart akasema, "lakini umelala mlango wazi kwa sababu ya joto, na umeamka una miguu yote miwili. Mimi nimeiona nchi isiyo na mwenyewe, bwana. Kupe namwelewa. Mbwa mwitu ndiye sikuelewana naye."

Alikuwa anampenda yule mfalme kama mtu anavyompenda mtoto wa jirani aliyeonewa utotoni akaja kuwa mtu. Na nadhani wote tulijua anangoja nini, ila ni jambo baya kulisema. Huwezi kusema hadharani kwamba unamngojea mfalme afe umbebe. Alikuwa anasema tu, "Nikijaliwa." Tukawa hatuulizi ajaliwe nini.

Hakujaliwa goti. Majira ya baridi fulani aliteleza kwenye ubao wa mashua, gunia likamwangukia mguuni, na toka siku hiyo goti la kushoto likawa linacheza lenyewe kama lina ngoma yake. Tulikuwa tunampa magunia madogo na kujifanya hatuyachagui. Yeye naye akajifanya haoni.

Kiangazi kilichofuata habari ikaja: mfalme amekufa huko Mehun. Watu wakasema alioza taya, wakasema alikataa chakula akiogopa sumu ya mwanawe mwenyewe. Maana na yeye alikuwa amekosana na mwanawe, kijana akakimbilia kwa jirani zake, watu wa Burgundi. Tazama mambo hayo. Baba alimfungia mwana nje. Mwana akaja kuwa baba, na mwanawe akajifungia nje mwenyewe.

Tukakutana kilabuni kupanga nafasi. Mkubwa wetu wakati huo alikuwa Gaucher, mwanamume mrefu, sauti kubwa, si mtu mbaya ila alikuwa na shemeji. Shemeji mwenyewe aliitwa Thevenin.

"Mbele kulia atakaa Thevenin," Gaucher akasema, anaangalia kikombe chake.

Mbele kulia ilikuwa nafasi ya Odart. Kila mtu aliijua, hata paka wa kilabu.

"Mbele kulia nipo mimi," Odart akasema.

"Mzee wangu, goti hilo."

"Mfalme habebwi kwa goti."

"Ukianguka tunaanguka wote, na mfalme wa Ufaransa anabingirika mbele ya maaskofu. Mimi nitawaambia nini watu?" Gaucher sasa alikuwa anamtazama, na kusema kweli alikuwa na huruma. "Nimekupa vigoda. Utatembea pembeni na vigoda vya kutulia jeneza. Kazi ya heshima hiyo, baba."

"Kazi ya heshima mpe shemeji yako."

"Thevenin ana mgongo mzuri."

"Anao," Odart akasema. "Hata sisi tunauona mara nyingi, kazi ikizidi, anapoondoka."

Watu wakacheka, lakini neno la mkubwa lilibaki neno la mkubwa. Odart alikwenda nyumbani hajamaliza divai yake, na sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Mama Perrette aliniambia baadaye kwamba alikaa kitandani akamwambia, "Perrette, nimengoja kubeba mfalme, nitabeba viti." Yeye akamjibu, "Basi vibebe vizuri. Mfalme naye anachoka, atataka kukaa." Halafu akampaka goti mafuta ya bata mpaka jikoni kukanuka kama sikukuu.

Siku ya safari jua lilikuwa kali. Tulimtoa kanisa kuu la Notre-Dame, sisi wote nguo nyeusi, na jamani alikuwa mzito. Jeneza la mbao, ndani yake jingine la madini ya risasi, na juu ya vyote imelazwa sanamu yake imevikwa taji, mashavu mekundu, amependeza kuliko alipokuwa hai. Mimi nilikuwa safu ya pili kulia. Kwa hiyo mbele yangu, badala ya nundu ninayoijua, nikawa naangalia shingo ya Thevenin, ambayo haina historia yoyote.

Barabara nzima watu. Odart alitembea pembeni na vigoda vyake, anachechemea, uso juu, kama ni yeye aliyempangia mfalme safari.

Tukafika kwenye msalaba ulioinama. Gaucher akaita, Odart akaweka vigoda, tukatua. Mpaka wetu. Tukajifuta jasho tukangoja watawa.

Watawa wakaja. Aliyewaongoza, Padri Anseau, mnene mwenye miguu midogo, akalizunguka jeneza mara moja, akalisukuma kwa kidole kama mtu anayejaribu jibini.

"Hili ni zito sana," akasema.

"Ni mfalme, Padri," Gaucher akasema. "Ulitegemea kapu la mayai?"

"Watu wangu ni watu wa sala. Lipelekeni ninyi mpaka kanisani."

"Mpaka wetu ni huu msalaba. Tangu mababu. Kesho nikikubebea jeneza, keshokutwa utanipa na kengele."

"Mimi siwezi kuwaua wazee wangu njiani."

"Na mimi wangu wamekwisha kufa, wamesimama tu."

Wakaanza. Mabwana waliokuwa nyuma juu ya farasi wakatuma mtu aulize kuna nini, naye akaingia kwenye ugomvi akabaki humo humo. Wenzangu wakaona hili litachukua muda, wakakaa kwenye majani, vitunguu na mkate vikatoka mifukoni. Thevenin akavua viatu. Na katikati ya barabara, juani, mfalme aliyewatoa Waingereza, amesimama kama mkokoteni uliovunjika gurudumu. Nzi wakaanza kutua usoni mwa sanamu. Mwanawe hayupo, hata ndugu hawakuja mbele.

Aliyebaki naye ni mtu wa vigoda, kwa kuwa vigoda havina ruhusa ya kuondoka. Odart alivua kofia akawa anafukuza nzi. Polepole, kama unavyompungia mtoto aliyelala.

Halafu akasema, si kwa nguvu, "Gaucher, mwanangu. Huo mpaka nani aliuweka?"

"Babu zetu, Mzee. Tuache tuongee."

"Babu yako alikuwa anauza vitunguu. Mimi ndiye niliyesimama hapa na baba yake huyu. Nilitua hapa, nikaambiwa ndio mpaka, nikatii, nikaondoka. Wewe ulikuwa hujazaliwa." Akavaa kofia. "Huyu simwachi hapa."

Akapita mbele kulia, mahali pake, akainama, akaweka ile nundu chini ya mti wa jeneza. Mtu mmoja chini ya mzigo wa watu zaidi ya ishirini. Goti lake nililiona linacheza.

Akaita, "Bega."

Nakwambia ukweli, sikumbuki kuamua. Nilikuwa na kitunguu mdomoni na nilikuwa tayari nimesimama. Sote tulikuwa tumesimama. Miguu yetu inaijua sauti hiyo kuliko vichwa vyetu. Wengine walikuwa wanalalamika huku wanakimbia, lakini walikimbia. Gaucher aliacha neno nusu mdomoni mwake na nusu usoni mwa Padri, akageuka, akaangalia, akaja akaingia kushoto mbele, sambamba na Odart. Mkubwa wetu, chini ya amri ya mtu wa vigoda. Sheria ndiyo hiyo.

Thevenin alifika wa mwisho, kiatu kimoja mkononi. Nafasi ilikuwa imejaa.

"Chukua vigoda," Odart akamwambia kutoka chini. "Kazi ya heshima."

Tukanyanyua.

Kutoka msalabani mpaka Saint-Denis si mbali ukiwa na mikono mitupu. Mbele yangu nilikuwa na nundu yangu tena. Kila hatua mguu wake wa kushoto ulikuwa unakawia kidogo, na sisi wote tukakawia nao, mpaka jeneza zima likawa linakwenda kwa mwendo wa Mzee Odart. Walioliona wakasema baadaye kwamba hawajawahi kuona mwendo wenye huzuni na heshima kama ule. Lilikuwa goti.

"Punguza hatua, babu," nikamnong'oneza.

"Nyamaza, utamwamsha."

Gaucher, uso umekuwa mwekundu kama kamba wa kuchemsha, akasema bila kugeuka, "Ukianguka nitakuua."

"Nikianguka utakuwa umechelewa."

Hakuanguka. Kwenye mlima mdogo karibu na geti la Saint-Denis nilimsikia anapumua kama mvukuto wa mhunzi, na nikajisogeza mbele kidogo nichukue uzito wake. Akanipiga teke. Kwa mguu mbovu. Nikarudi nyuma nikiwa na furaha.

Mlangoni mwa kanisa watawa walikuwa wametutangulia, wamejipanga, sasa hakuna aliyesema ni zito. Thevenin akaweka vigoda. Odart, kiongozi wetu, akasimama.

"Taratibu jamani," akasema. "Kioo."

Vijana hawakuelewa. Walidhani mzee amechoka. Lakini walishusha kama alivyosema, na mbao ziligusana bila sauti kabisa.

Safari hii hatukubaki nyuma. Ukimleta mtu mpaka mlangoni, nani atakufukuza mlangoni? Tulisimama ndani, na siku alipoteremshwa kaburini tukasikia kwa masikio yetu mpiga mbiu anatangaza mfalme mpya. Louis, mwana wa Charles, mwana wa Charles. Odart alikuwa ameegemea nguzo, goti limevimba kama kabichi.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Nimesikia. Safari hii wamepata jina sahihi."

"Lakini mwenyewe hakuja. Hata baba yake hakuja kwa babu yake."

"Wana shughuli nyingi," akasema. "Ndiyo maana tupo sisi."

Nyumbani Mama Perrette alikuwa ameshapata habari kabla hatujavuka geti la Paris. Alimkalisha, akalitazama bega, lilikuwa jeusi lote, akachukua mafuta ya bata.

"Mfalme wa ngapi huyu?" akamwuliza.

"Wa pili. Huyu nimemfikisha."

"Vizuri," akasema, akaanza kupaka. "Basi vua shati vizuri, unalichafua."

Nje watoto walikuwa wamejipanga mlangoni, na niliona kwa macho yangu mikono yao imelowa. Wameshanawa.